BOOKER T. WASHINGTON, MTUMWA ALIYEKUWA MWALIMU WA KUSOMA NA KUANDIKA (1856–1915)



Katika madarasa yetu kuna neno linalotusumbua kila mwaka. Mwanafunzi anajua kanuni za Kiingereza kwa kichwa. Anaweza kuimba vitenzi vyote mpaka mwisho wa ukurasa, na katika mtihani anapata pointi nzuri. Lakini ukimwomba aandike barua ya mistari kumi, ama aeleze kwa Kiingereza namna mama yake anavyopika ugali, anabaki kimya, anatazama dari. Wengine wanasema kosa ni la vitabu, wengine wanasema ni la profesa, wengine wanasema Kiingereza ni kigumu tu. Sisi tumeona ni vizuri tusome maisha ya mtu mmoja ambaye alikutana na shida hii hii zaidi ya miaka mia moja iliyopita, akapigana nayo maisha yake yote. Tena mtajionea wenyewe kwamba jambo la mtu huyu linagusa nchi yetu ya Kongo.

1. Utoto wake

Booker alizaliwa mwaka 1856 katika shamba moja karibu na Hale's Ford, jimbo la Virginia, kule Marekani. Mama yake, Jane, alikuwa mtumwa na mpishi wa shamba lile. Baba yake alikuwa Mzungu, lakini Booker hakumjua hata kidogo. Nyumba yao ilikuwa kibanda cha mbao chenye sakafu ya udongo, na watoto walilala chini juu ya matambara.

Wakati ule, katika majimbo mengi ya kusini, sheria ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma. Wakubwa walijua vema sababu yake: mtu anayesoma anaweza kusoma gazeti, anaweza kujiandikia barua ya ruhusa ya safari, anaweza kujua habari za majimbo yasiyo na utumwa. Mara kwa mara Booker alibeba vitabu vya binti wa bwana wake mpaka mlangoni pa shule. Aliona watoto wameketi na vitabu mbele yao, naye alirudi shambani. Kwake yeye kuingia katika nyumba ile kulikuwa sawa na kuingia paradiso.

Mwaka 1865 vita vya Marekani vilikwisha na watumwa wote wakawa huru. Mama yake aliwachukua watoto, wakasafiri mpaka Malden, katika West Virginia, ambako baba yao wa kambo alifanya kazi katika kiwanda cha chumvi. Booker alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi, naye akaanza kazi huko.

2. Namba 18

Kila mfanyakazi aliyejaza mapipa ya chumvi alikuwa na namba yake. Namba ya baba yake wa kambo ilikuwa 18. Jioni mkubwa wa kazi alipita na kuandika 18 juu ya mapipa yao. Mtoto aliangalia alama ile siku kwa siku, mpaka akaweza kuitambua popote na kuichora yeye mwenyewe. Hakujua namba nyingine wala herufi hata moja, lakini 18 aliijua, na hayo ndiyo masomo yake ya kwanza.

Kisha akamsumbua mama yake juu ya kitabu. Mama hakujua kusoma, wala hakuwa na pesa, lakini alifanya bidii akamletea kitabu cha tahajia cha Webster, kile chenye jalada la buluu ambacho kilienea Marekani nzima. Katika jirani zao watu weusi hakuna aliyejua kusoma, na Wazungu aliogopa kuwauliza. Basi alipigana na alfabeti peke yake. Baada ya majuma machache alijua sehemu kubwa ya herufi. Baadaye kijana mmoja mweusi aliyejua kusoma alifika kutoka Ohio. Kila jioni, kazi ikiisha, watu walimzunguka naye akawasomea gazeti kwa sauti. Booker alimwonea wivu kuliko watu wote wa dunia.

Shule ilipofunguliwa, wazee na watoto waliijaza. Wazee wengi walitaka kujua kusoma Biblia kabla ya kufa. Lakini baba wa kambo alikataa Booker aache kazi. Ikabidi afanye kazi alfajiri mpaka saa tatu asubuhi, aende shule, na mchana arudi tena kiwandani saa mbili. Na kwa sababu shule ilianza saa ile ile ya saa tatu, alichelewa kila siku. Kumbe kijana akapata akili: asubuhi alisogeza mshale wa saa ya kiwanda kutoka saa mbili na nusu mpaka saa tatu, akatoka mbio. Mkubwa alipoona saa yake ina ugonjwa, aliifungia ndani ya sanduku. (Wanafunzi wa bweni, msijaribu na kengele yetu!)

Siku ya kwanza mwalimu alipoita majina, Booker alisikia kwamba wenzake wana majina mawili, hata matatu, na yeye ana moja tu. Zamu yake ilipofika alijibu kwamba anaitwa Booker Washington. Alijichagulia jina palepale.

3. Hampton

Akiwa katika mgodi wa makaa, alisikia wachimbaji wawili wakiongea juu ya shule kubwa ya watu weusi iitwayo Hampton, huko Virginia, ambako mwanafunzi maskini anaweza kulipa masomo kwa kazi. Mwaka 1872, akiwa na miaka 16, aliondoka. Safari ilikuwa ya karibu kilometa 800. Alipanda gari alipoweza, mahali pengine alikwenda kwa miguu. Katika mji wa Richmond pesa zilimwishia kabisa. Alilala chini ya njia ya mbao ya wapita njia, na mchana akapakua chuma katika meli kusudi apate chakula. Alifika Hampton na senti 50 mfukoni.

Mwalimu mkuu wa wanawake, Mary Mackie, alimtazama: mchafu, nguo zimeraruka. Hakumpa mtihani wa kanuni wala wa hesabu. Alimpa ufagio na kumwambia asafishe chumba cha darasa. Booker alifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne. Mwalimu alipita na kitambaa chake cheupe juu ya meza na kuta, hakupata vumbi. Akakubaliwa.

Huko Hampton mwalimu mmoja, Nathalie Lord, alimpenda akamfundisha kando ya saa za darasa. Alimfundisha kuisoma Biblia kila siku, si kwa ajili ya roho tu bali pia kwa uzuri wa lugha yake. Alimfundisha kusoma kwa sauti: namna ya kuvuta pumzi, neno gani litiwe nguvu, namna ya kutamka kusudi aliye nyuma kabisa asikie. Tena kila Jumamosi usiku Booker alikuwa katika chama cha mijadala, hakukosa hata mara moja. Watu waliomsikia baadaye mbele ya maelfu walifikiri ni kipawa cha kuzaliwa. Sisi tunaona ilikuwa mazoezi ya miaka mitatu.

4. Mwalimu wa usiku

Alimaliza mwaka 1875, akarudi Malden kufundisha. Mchana alikuwa na watoto, usiku alikuwa na wazee, Siku ya Mungu alikuwa na shule mbili za Biblia. Alifungua chumba kidogo cha kusomea na chama cha mijadala. Mwaka 1879 Hampton ilimwita arudi kama mwalimu.

Huko alipewa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kukaa na vijana wa Wahindi Wekundu, ni kusema wenyeji wa kwanza wa Marekani, ambao wengi hawakujua Kiingereza. Wanafunzi weusi walikubali kulala nao chumba kimoja kusudi wawafundishe kusema. Njia ile ilikuwa nzuri: lugha ilijifunzwa katika kula, katika kufua, katika mchezo. Lakini tuseme kweli yote. Mpango wa shule zile ulitaka pia vijana waache lugha zao, nguo zao na desturi za baba zao. Leo wajukuu wa watu wale wanalia juu ya lugha zilizopotea. Sisi wa Kongo tulielewe neno hili. Kujifunza Kiingereza ni kuongeza chumba katika nyumba. Asitokee mtu wa kutuambia tubomoe kwanza chumba cha mama.

Kazi ya pili ilikuwa shule ya usiku. Waliingia wale wasiokuwa na kitu: mchana saa kumi za kazi, usiku saa mbili za masomo. Walianza kama kumi na wawili. Walipenda masomo hata kengele ya kulala ikilia walimwomba awaongezee dakika. Kati ya vijana waliosoma Hampton usiku wakati ule alikuwako William Sheppard wa Virginia. Tulishike jina hili, tutalirudia.

5. Tuskegee

Mwaka 1881 watu wa mji wa Tuskegee, katika Alabama, walitafuta mkubwa wa shule mpya ya kutayarisha walimu weusi. Serikali ya jimbo ilitoa dola 2,000 kwa mwaka kwa mishahara tu. Nyumba hazikuwapo, wala vitabu. Tarehe 4 Julai 1881 Booker alifungua shule katika kibanda kilichochakaa karibu na kanisa la Wamethodisti. Wanafunzi walikuwa 30. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja alisimama na mwavuli juu ya kichwa cha mwalimu, naye akaendelea kufundisha.

Hapa ndipo alipokutana na ile shida yetu. Wengi wa wanafunzi 30 walikuwa walimu tayari, wengine karibu na miaka 40. Wengine walikuja pamoja na wanafunzi wao, na baada ya kupimwa, mara nyingine mwanafunzi aliingia darasa la juu kuliko mwalimu wake. Walipenda vitabu vikubwa na majina marefu ya masomo. Walijua kwa kichwa kanuni ndefu za sarufi na za hesabu, lakini hawakujua kuzitumia katika jambo lolote la nyumbani. Walisoma mambo ya benki, na hakuna aliyekuwa na pesa benki. Wengi walitia herufi katikati ya majina yao, na mtu akiulizwa herufi ile ni ya jina gani, alijibu tu kwamba ni sehemu ya heshima yake. Katika safari zake vijijini Booker alimkuta kijana katika kibanda cha chumba kimoja, nguo zina mafuta, majani yamejaa kila mahali, naye ameketi anasoma sarufi ya Kifaransa.

Wengine waliosoma habari ya kijana yule walidhani Booker anacheka Kifaransa. Sisi hatufikiri hivyo. Alichoona ni kwamba maneno yamekwenda upande mmoja na maisha upande mwingine.

Basi dawa yake ilikuwa nini? Alinunua shamba la zamani kwa dola 500, na banda la kuku likawa darasa. Wanafunzi walijenga wenyewe. Walichoma matofali, tanuru likaharibika mara tatu. Pesa zikaisha, Booker akaweka rehani saa yake kwa dola 15, na mara ya nne matofali yakatoka mazuri. Sasa, katika somo la Kiingereza, mwanafunzi wa matofali aliandika insha juu ya matofali, wa ng'ombe aliandika juu ya maziwa, wa useremala aliandika juu ya mlango alioutengeneza. Mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa kazi walipatana. Hata siku ya kutoa diploma, wanafunzi walipanda jukwaani na vyombo vyao, wakaonyesha kazi huku wakiieleza kwa maneno yao wenyewe. Mwanafunzi hakuweza kujificha nyuma ya maneno makubwa, juu kila mtu mbele yake alijua matofali ni nini.

Mwaka 1889 alifika Margaret Murray, aliyesoma Chuo Kikuu cha Fisk, kufundisha Kiingereza. Booker alikuwa amefiwa na wake wawili, Fanny na Olivia. Baadaye alimwoa Margaret. Mama huyu alianza pia mikutano ya akina mama wa mashambani siku ya Jumamosi, walipokuja mjini sokoni.

6. Sifa na mashindano

Mwaka 1895 Booker alihutubu mjini Atlanta mbele ya Wazungu na weusi, na jina lake likajulikana nchi nzima. Mwaka 1901 alitoa kitabu cha maisha yake, Up from Slavery, kilichosomwa katika lugha nyingi. Mwaka ule ule alikula chakula cha jioni na Rais Theodore Roosevelt katika ikulu, jambo lililowakasirisha sana Wazungu wa kusini.

Lakini wenzake weusi pia walimpinga. Aliyejulikana zaidi ni W. E. B. Du Bois, daktari wa Harvard, aliyeandika mwaka 1903 kwamba Booker aliwaambia watu weusi wanyamaze juu ya haki zao, na kwamba taifa linahitaji pia vyuo vikuu na watu wa elimu ya juu. Neno hili lilikuwa na nguvu. Mwaka 1901 katiba mpya ya Alabama iliweka sharti kwamba mpiga kura ajue kusoma na kuandika kifungu cha Katiba ya Marekani kwa Kiingereza, na sharti hilo pamoja na mengine liliwaondoa watu weusi karibu wote. Kusoma, ambako mtumwa alikatazwa, sasa kukawa mlango wa kumfungia nje mtoto wake. Mbele ya watu Booker alisema kwa upole. Lakini kwa siri alitoa pesa kusaidia kesi za kupinga sheria hiyo, mpaka mahakama kuu ya nchi, ambako walishindwa mwaka 1903. Watu walikuja kuyajua hayo baada ya kifo chake. Sisi tunafikiri Du Bois alikuwa na haki juu ya vyuo, tena juu ya kura. Na Booker alikuwa na haki kwamba mtu hajajua lugha mpaka aweze kusema nayo jambo lake mwenyewe.

7. Mwanafunzi wake katika Kongo

Sasa turudi kwa William Sheppard. Kijana yule wa Hampton alikuwa mchungaji wa Presbyterian, akafika Luebo, katika Kasai, mwaka 1891. Alijifunza lugha ya Wakuba kwanza, kisha mwaka 1892 akaingia mji wa mfalme wao, ambao wageni walikatazwa. Watu walishangaa kumsikia anasema lugha yao, wakamdhania ni mmoja wa wazee wao aliyekufa na kurudi.

Mwaka 1899 misheni ilimtuma aende kutazama mahali ambapo watu waliotumwa kutoza kodi ya Serikali ya mfalme Leopold walikuwa wameua wanakijiji. Alikuta mikono ya watu iliyokatwa, inakaushwa juu ya moto. Hakupiga kelele tu. Aliihesabu: 81. Akaandika hesabu, mahali na aliyoyaona, kwa Kiingereza chepesi, bila neno la kupamba. Habari ile ilivuka bahari.

Kule Marekani mwalimu wake wa zamani alisimama upande huo huo. Mwaka 1904 Booker alikuwa mmoja wa makamu wa rais wa Congo Reform Association, alitoa makala juu ya ukatili wa Kongo, na alipeleka habari hiyo kwa Rais Roosevelt pamoja na Wabatisti weusi.

Mwaka 1908 Sheppard aliandika tena, katika gazeti dogo la misheni liitwalo Kasai Herald, juu ya umaskini wa Wakuba chini ya kampuni ya mpira. Compagnie du Kasai ilimshitaki. Kesi ilisikiwa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na mwezi wa Oktoba 1909 alishinda. Wasomaji, tulifikirie jambo hili: kampuni yenye silaha na pesa iliogopa karatasi ya misheni, karatasi labda si kubwa kuliko hii mnayoishika mkononi. Iliogopa kwa sababu mwandishi alisema alichokiona, na kila aliyesoma alielewa.

8. Mwisho wake

Booker alifanya kazi kupita nguvu zake. Mwaka 1915 aliugua akiwa New York. Alipoambiwa hataishi, alitaka arudishwe kwake. Alifika Tuskegee usiku, akafa asubuhi ya tarehe 14 Novemba 1915. Aliacha nyumba zaidi ya 100 na wanafunzi wapata 1,500 mahali alipoanza na 30 na mwavuli.

9. Na sisi?

Kamati ya gazeti imekubaliana, na Profesa wa Kiingereza amekubali, kwamba tangu juma lijalo kila mwanafunzi wa madarasa ya juu aandike ukurasa mmoja kwa Kiingereza juu ya kazi anayoijua kwa mikono yake: kulima mihogo, kuchoma makaa, kushona, kuuza samaki, kutengeneza baiskeli. Asinakili kitabu. Asitie neno asiloweza kumwelezea mdogo wake kwa lugha ya nyumbani. Ukurasa utasomwa kwa sauti mbele ya darasa, na anayeketi nyuma kabisa ndiye atakayesema kama amesikia.

Kurasa nzuri tutazichapa katika namba ijayo, kama stensili zitatosha.

Mungu awabariki katika masomo yenu.

Kamati ya Gazeti